Bashasha si "furaha tu"

Mwaka jana tulikuwa na harusi ya ukoo. Kama ilivyo ada ya Dar es Salaam, kabla bwana harusi hajapima suti kulikuwa na kamati, na kabla ya kamati kulikuwa na grupu la WhatsApp. Katibu alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, mwanamke anayependa Kiswahili chenye pambo. Usiku mmoja, saa nne hivi, akatuandikia: "Kamati inawakaribisha wote kwa bahasha kubwa." Simu ilikuwa imemrekebishia neno bila kumuuliza. Grupu likalipuka. Mjomba wa Tabata akataka kujua hiyo bahasha inaanzia shilingi ngapi. Mwingine akasema yeye alishachanga na ujumbe wa muamala anao. Dada akarudi kwa herufi kubwa: BASHASHA, SIO BAHASHA. Na mhazini, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akitania, akaweka chini yake: "Na bahasha pia."

Tulicheka hadi saa tano. Lakini kilichonikaa kichwani ni swali lililokuja baadaye, kutoka kwa mtoto wa kaka yangu aliyemaliza kidato cha sita. "Bamdogo, bashasha ndiyo nini?" Kabla sijaandika lolote, shangazi yake akaniwahi: "Furaha tu, mwanangu."

Hiyo "tu" ndiyo ninayogombana nayo.

Pima kwa sikio. Ukisema "nililala nikiwa na furaha", hakuna atakayekushangaa. Sema sasa "nililala nikiwa na bashasha". Sikio linagoma. Bashasha ya nini, na uso umegeukia ukuta? Mtu anaweza kulipwa deni alilokwishalisamehe, akapanda daladala ya Mbagala, akasimama kimya amebanwa kwenye kona, na furaha yake ikamjaa kifuani bila konda wala abiria kujua. Furaha inavumilia giza, inavumilia upweke, inaweza hata kufichwa kwa hofu ya kijicho. Bashasha haina ubavu huo. Bashasha inataka mtu wa pili. Mpaka atokee wa kuipokea, haijawa kitu.

Na kinyume chake ni kweli pia, ndipo neno linaponoga. Inawezekana kuwa na bashasha huku furaha hakuna. Bibi yetu aliyekuwa akiishi Keko alisumbuliwa na miguu miaka mingi. Mchana kutwa alikuwa akilalamika chini kwa chini, peke yake, kama mtu anayehesabu. Basi isikike hodi mlangoni. "Karibu! Karibuni, piteni ndani, jamani mmepotea!" Anainuka, anakunjua mkeka, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za yule aliyekuwa mgonjwa, na uso mzima unawaka kama taa iliyowekewa mafuta. Wageni wakiaga anawasindikiza hadi barazani. Akirudi anaukunja mkeka, na uso anaukunja vilevile, anaendelea na miguu yake pale alipoachia.

Nikiwa mdogo niliona ni unafiki. Sasa naona nilikuwa sijui neno. Bibi hakuwa akidai kwamba ana furaha. Alikuwa anatoa kitu ambacho mgeni alistahili kukipata, kama vile alivyostahili maji ya kunywa.

Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na halikubadilika sana njiani. Kwao ni bashāsha, la mzizi wa b-sh-sh, na tangu huko limeshikamana na uso: huzungumzwa mtu anapomkabili mwenzake kwa uso uliolegea, wenye tabasamu. Waarabu wana hata jozi ya maneno, hashsh bashsh, kwa mtu wa aina hiyo, na ukiitamka taratibu unahisi mashavu yenyewe yanalegea. Halikuja kwetu peke yetu. Limekwenda hadi kwenye Kiurdu, ambako wao wanasema bashāshat. Wako wanaodhani ni ndugu wa bashiri na bishara, kwa sababu habari njema humchangamsha mtu. Hapana. Hayo yanatoka mzizi wa b-sh-r, na katika ukoo huo limo neno la Kiarabu la ngozi ya mwanadamu, bashara. Majirani wa sauti tu, kila mmoja na nyumba yake.

Ninaloliona mimi ni kundi ambalo bashasha iliingia nalo pwani. Tazama yaliyokuja na biashara na dini kwa karne nyingi kuhusu jinsi watu wanavyopokeana: karibu, ambalo asili yake ni kuwa jirani, kusogea, marahaba, tunalomjibu mtu shikamoo yake, starehe, ambalo mgeni wa zamani aliwaambia waliotaka kuinuka kwa ajili yake, yaani kaeni, msisumbuke, tabasamu, ukarimu, adabu, heshima. Ni fungu zima la maneno ya kizingitini. Bashasha imo humo. Haikuja na maneno ya moyo, ndiyo maana kuipa maana ya hali ya moyo ni kuipeleka chumba kisicho chake.

Dini nayo ilitia nguvu. Hadithi mashuhuri inasema kumtabasamia ndugu yako usoni ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye nacho na asiye nacho sana. Kuna na ubeti wa Kiarabu unaojulikana sana: bashasha ya uso wa mwenyeji ni bora kuliko karamu yake, itakuwaje basi kwa yule anayekuletea karamu huku anacheka? Mhazini wetu angeupenda. Bashasha kwanza, sinia baadaye, na heri vyote viwili.

Sarufi yetu imeitunza tabia hiyo bila mtu kuipangia. Furaha ina kitenzi, unafurahi. Uchangamfu unacho, unachangamka. Ucheshi umetoka kwenye kucheka. Bashasha haina. Hujawahi kumsikia mtu mtaani akisema amebashashika. Neno linasimama na vijineno vya kulibeba: alitupokea kwa bashasha, mtu wa bashasha, uso uliojaa bashasha. Karibu kila mahali linajibu swali la "namna gani", na karibu kila mahali kabla yake kuna kitenzi cha watu wawili: kupokea, kukaribisha, kusalimu, kujibu, kumlaki mtu.

Basi, je, kabla ya Kiarabu watu wa pwani walikuwa wamenuna? Kiswahili kilikuwa na chake, na kwa maoni yangu ni kizuri kuliko cha kuazima. Ukunjufu. Kuna ufundi wa Kibantu wa kuchukua kitenzi na kukirudisha nyuma kwa kukitia -ua mwishoni: funga, fungua; ziba, zibua; tega, tegua; kunja, kunjua. Kinachokunjuka kikiwa ndiyo tabia yake, ile k inageuka f: nyooka, nyoofu, potoka, potofu, changamka, changamfu, kunjuka, kunjufu. Kwa hiyo uso mkunjufu ni uso uliokuwa na mikunjo na mikunjo hiyo imeondolewa. Neno lenyewe linakiri kwamba uso ulikuwa umekunjwa! Lugha haikudanganyi kwamba mwenyeji wako alikuwa amekaa anacheka tangu alfajiri. Inakwambia amekunjua kwa ajili yako, kama alivyokunjua mkeka. Na shughuli ikiisha, tunasema watu wamekunja jamvi.

Bibi wa Keko alikuwa akitenda sarufi.

Hata hivyo, ukitembea Kariakoo leo hutasikia bashasha, na ukunjufu utausikia kwenye "tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu" ya msema chochote ukumbini. Bashasha imehamia kwenye habari, ambako viongozi hupokelewa nayo kila wanaposhuka kwenye gari, pamoja na nderemo na vifijo, hata kama waliokuwapo walikuwa wakiota jua tangu saa tatu. Neno linalofanya kazi mtaani ni kuchangamka. Na kazi zake ni nyingi mno.

Kijiwe kimechangamka. Mtaa umechangamka. Yule aliyekunywa mbili tatu "amechangamka kidogo", na kila mtu anaelewa bila aibu ya mtu kutajwa. Supu ya pweza, tangawizi kwenye chai, vyote vinachangamsha mwili. Ukisimama mbele ya duka unashangaa, utaambiwa "changamka, kijana!", maana yake ondoka njiani au fanya upesi. Anayepiga soga kuchangamsha genge ana heshima yake. Halafu kuna "changamkia fursa", ambayo imekuwa kama dua ya asubuhi: semina ya vijana ni changamkia fursa, mkopo ni changamkia fursa, viwanja vya Kigamboni ni changamkia fursa. Hapa neno limeruka mpaka. Aliyekuwa akichangamka mbele ya watu sasa anachangamkia kitu. Mwenzake ametoka kwenye sentensi, na mahali pake pamekaa kiwanja chenye hati.

Kuna tangazo ninaloliona sana, limeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa kioo cha duka: "Anahitajika binti mchangamfu, awe na lugha nzuri kwa wateja." Sijaona hata mara moja linalosema anahitajika kijana wa kiume mchangamfu. Kwa wanaume tangazo linataka mwaminifu, au mwenye leseni. Uchangamfu umekuwa sehemu ya kazi, na kazi hiyo kapewa binti. Kisha mshahara wake anaupata kwa njia mbili: mwisho wa mwezi kwa tajiri, na kila siku kwa wateja wa kiume wanaodhani ule uchangamfu ulikuwa wao binafsi. Akiwachangamkia anaambiwa anajirahisisha. Akiwa mkavu anaambiwa anaringa, na tajiri anaanza kuandika karatasi nyingine.

Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wazee wenzangu wanaosema kwamba watoto wa siku hizi wamekausha nyuso kwa sababu hawana malezi. Wana sababu, na mtaa umeipa jina: shobo. "Acha shobo." "Usinishobokee." Kushoboka ni kumchangamkia mtu ambaye hajakuomba, au mliyelingana, au aliyekuzidi, kwa namna inayokufanya uonekane una njaa naye. Kijana wa Dar anaogopa kuonekana na shobo kuliko anavyoogopa kuonekana hana adabu. Salio la bashasha yake analibana. Upande wa pili yupo kauzu, yule asiyetikisika usoni, mkavu kama dagaa kauzu walioanikwa. Na kauzu siku hizi hutamkwa kwa sauti yenye sifa ndani yake. Hata majibu ya salamu zetu yameelemea ubaridi. Mambo? Poa. Vipi? Shwari. Poa ni kitu kilichopungua moto, na shwari ni bahari isiyo na wimbi. Mji ambao ulianza kwa jina la Mzizima, na kuzizima ni kupoa, labda umerudi kwenye asili yake. Huo ni utani, lakini si utani wote.

Baraza la Kiswahili la Taifa tunalo tangu 1967 na kazi yake ni kusanifu maneno. Kusanifu nyuso hatujampa mtu.

Sababu nyingine ni hesabu tu. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 5,383,728 katika mkoa huu. Desturi ya bashasha ilifumwa na watu walioishi ambapo anayekuja anakuja mmoja mmoja, anapiga hodi, anangoja, anaitikiwa. Ule muda wa kungoja kati ya hodi na karibu ndio mwenyeji alioutumia kukunjua uso. Sasa muweke mwenyeji huyo nyuma ya kioo.

Nilikuwa kwenye ofisi moja mjini miezi michache iliyopita, nafuatilia karatasi. Juu ya dirisha kulikuwa na bango lenye picha ya watu wanaocheka, limeandikwa kwamba mteja ni mfalme. Chini ya bango alikaa dada mmoja ambaye hakuinua kichwa kwa muda wote nilioongea naye. Aliniomba namba kwa kunyoosha kidole. Alinirudishia karatasi kwa kuisukuma. Nilikasirika, nikaanza hata kuandika makala haya kichwani, na yalikuwa makali kweli. Halafu nikakaa kwenye benchi kusubiri muhuri, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikamtazama. Watu arobaini na saba nilihesabu, kisha nikaacha. Hakuna aliyepiga hodi. Hakuna aliyemsalimu, na mimi nikiwemo. Nilianza na "naomba kuulizia". Kila sekunde uso mpya ulikuwa umeshafika kabla wa zamani haujaondoka. Ili umkunjulie mtu uso inabidi kwanza uwe umepata nafasi ya kuukunja.

Akaja mama mmoja mtu mzima, kajifunga kanga mbili, akafika dirishani, akanyamaza. Hakusema shida yake. Alisimama tu pale akashika ukingo wa dirisha, kama mtu aliye nje ya mlango wa nyumba. Yule dada akaandika, akaandika, akaona kimya kimezidi, akainua kichwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba mwanangu, pole na kazi." Uso ule ulivyobadilika sikuutegemea. Aliuliza, "Umetoka mbali, mama?" Akaambiwa Chanika. "Jamani, Chanika!" Kazi ya mama yule ilichukua muda uleule iliochukua yangu, dakika nne hivi. Mimi niliondoka na muhuri tu.

Nadhani yule mama alijua kutengeneza kizingiti pale ambapo hapakuwa na mlango. Ufundi huo sisi wa haraka hatunao, halafu tunalaumu waliokaa ndani.

Na siamini kwamba bashasha imekufa. Imehama makazi. Asubuhi, kwenye meza za supu na chapati, muuzaji anawajua wateja wake kwa hatua, na anayefika anapokelewa kwa jina la utani kabla hajakaa. Pale bado kuna mlango, ingawa ni wa turubai. Bodaboda wa kituo chako hakupi bashasha siku ya kwanza. Mpe wiki mbili. Na kuna simu. Nikimpigia mama yangu, kile kinachotoka kwenye spika kabla ya neno lolote, lile "Eeeeh!" refu linalopanda mwishoni kwa sababu ameona jina langu kwenye kioo, mimi sina jina lingine la kukiita. Uso siuoni. Lakini najua umekunjuka, nausikia. Kiarabu kilifunga neno hili kwenye uso, na wazungumzaji wa Kiswahili wa leo wanalipeleka hata kwenye sauti. Sina ugomvi na hilo.

Nilimjibu yule kijana hatimaye, faraghani, nikamwandikia karibu haya yote kwa ufupi. Akanijibu kwa kidole gumba. Vijana.

Siku ya harusi dada yangu katibu alijipangia mwenyewe kusimama mlangoni. Ukumbi ulikuwa Sinza, wageni zaidi ya mia mbili, na jenereta lilikuwa likigoma. Kwa saa mbili na nusu alisimama kwenye viatu virefu alivyoazima, pembeni yake kuna sanduku la bahasha lililofunikwa kitambaa cheupe, na kila aliyepanda ngazi alipata lake: "Karibu shemeji! Karibu mama mdogo, umependeza! Baba, hujambo, piteni mbele, viti vipo!" Hakurudia maneno. Hata waliokuja bila bahasha, na tuliwajua, walipata meno yote.

Alipopita wa mwisho nilikuwa nimesimama nje napokea simu. Nilimwona akitazama ngazi juu na chini, akahakikisha hakuna mtu. Akavua viatu. Akavuta kreti tupu la soda, akakaa, akanyoosha miguu, akanuna kabisa.